Mkono Uliodaka Penalti

Mpira wenyewe niliudaka. Hilo hata mashabiki wa Wundanyi waliokuwa uwanjani siku ile hawawezi kulikana. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka mpaka juu ya goli, nyasi zimelowa, na dada aliyepiga penalti ile alikuwa na mguu wa kushoto ambao ligi nzima iliuogopa. Niliruka kulia. Mpira ukagonga kiganja changu, nikauvuta kifuani kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukabaki umenyooka mbele yangu wakati uzito wangu wote unatua juu yake. Nilisikia kitu kwenye kifundo cha mkono. Haikuwa sauti kubwa, ni kama kijiti kikavu kimevunjwa ndani ya nguo. Kabla sijaelewa ni nini, wenzangu kumi walikuwa wamenilalia juu wakipiga mayowe, nami nikapiga mayowe pamoja nao, na hakuna aliyejua kwamba yangu yalikuwa ya aina nyingine.

Jina langu ni Wakesho. Kwetu ni Mbololo, lakini tangu niolewe naishi Voi mjini, na kazi yangu ni ususi. Nina kiti changu katika saluni ninayoendesha pamoja na rafiki yangu Mwanaisha, si mbali na stesheni. Mume wangu, Barasa, aliletwa huku na kazi ya reli kutoka magharibi, na jioni baada ya zamu ndiye aliyekuwa kocha wa timu yetu ya kina dada. Tuna binti mmoja, Naliaka, wa miaka saba. Nayaandika haya kwa mkono huo wa kulia, polepole, nikipumzika kila baada ya ukurasa, kwa sababu wachezaji wengi huanguka kama nilivyoanguka, wakaambiana ni mkazo tu wa mishipa, wakaenda nyumbani.

Kesho yake nilikwenda kliniki hapa Voi. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, nimeushika mkono wangu kwa mkono mwingine. Kifundo kilikuwa kimevimba kidogo tu, hata niliona haya kuwa pale katikati ya watu waliougua kweli kweli. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniambia ninyanyue kidole gumba, pakatokea shimo dogo chini yake, upande wa nyuma wa mkono. Akalibonyeza shimo lile kwa ncha ya kidole. Niliruka kutoka kitini.

"Hapo?"

"Hapo, daktari."

Picha ikapigwa. Aliitazama muda mrefu, akaniita karibu.

"Picha haionyeshi kuvunjika popote. Lakini sipendi hilo shimo linavyouma. Kuna kifupa hapo ambacho hujificha siku za mwanzo. Nitakufunga plasta mpaka kwenye kidole gumba, urudi baada ya wiki mbili tupige nyingine. Usikose, mama."

Akaandika tarehe kwenye kadi. Lakini mimi nilitoka mlangoni na nusu ya maneno yake tu. Picha haionyeshi kuvunjika. Hiyo ndiyo nusu niliyobeba.

Barasa alikuwa akinisubiri nje. "Wamesemaje, mama Naliaka?"

"Hakuna kilichovunjika. Ni mkazo."

"Na plasta?"

"Ya kupumzisha tu. Siku chache."

Mpaka leo sijui vizuri kwa nini nilisema hivyo. Agosti ilikuwa inakuja na harusi zake, na wateja walikuwa wameshaniandikisha. Nusu fainali nayo ilikuwa inakuja, na baada ya penalti ile hata watoto wa njiani waliniita kipa. Lakini nadhani chini ya hayo yote kulikuwa na woga. Nikirudi kwa picha ya pili, kingeonekana kitu. Nisiporudi, hakipo. Ndivyo akili yangu ilivyofanya hesabu.

Siku ya sita nilikata plasta kwa mkasi wa saluni. Mwanaisha alikuwa akimwosha mteja nywele, akaacha maji yakitiririka.

"Shoga, hivyo ndivyo ulivyoambiwa?"

"Ndivyo."

Alinitazama, akarudi kwenye karai lake. "Haya. Mwili ni wako."

Kadi niliitia chini ya vitana, kwenye droo. Barasa akanunua bandeji ya kunyumbuka, na kabla ya mechi alikuwa akinifunga mwenyewe, kwa uangalifu, akiniuliza kama imebana sana. Nilicheza mechi mbili hivyo. Ya pili tulifungwa, ligi ikaisha, na maumivu yakapungua. Hapo ndipo jeraha hili linapokudanganya. Septemba nzima nilijiambia kwamba nilifanya vizuri kutorudi.

Mvua za vuli zilipoanza, mkono ukaanza kuniambia ukweli. Asiyesuka hawezi kujua kidole gumba kinafanya kazi gani. Ndicho kinachobana nywele wakati vidole vingine vinapita juu na chini, maelfu ya mara kwa kichwa kimoja. Mwanzo niliweza kusuka saa tatu kabla ya kuuma. Kisha saa mbili. Kisha nusu saa, na maumivu yakitoka kwenye lile shimo yakipanda mpaka kwenye kiwiko. Mistari yangu, ambayo wanawake walikuwa wakitoka Marungu kuifuata, ikaanza kupinda. Siku moja mteja wangu wa miaka alijitazama kwenye kioo, akageuka taratibu akamwambia Mwanaisha, "Hebu nimalizie wewe." Hakutaka kunivunja moyo. Alisema kwa sauti ndogo. Niliingia nyuma ya pazia nikasimama pale mpaka alipoondoka.

Nyumbani nilianza kuficha. Kufuli nililifungua kwa mkono wa kushoto. Kifuniko cha chupa ya mafuta nilikigeuza kwa meno. Nguo nilizianika bila kuzikamua, zikidondosha maji. Asubuhi moja nilimimina chai na thamosi ikaniponyoka tu, kana kwamba vidole vilisahau vilichokuwa vimeshika. Vigae vya ndani vikasambaa mpaka mlangoni. Naliaka akaniambia, "Mama, ulikuwa umeishika. Nilikuona." Nilipoweka viganja viwili pamoja nikaona cha kulia kimenywea, ile nyama ya chini ya kidole gumba imekwisha, kama ya mtu mzee.

Desemba, ambao ndio mwezi wa msusi, nilirudi kliniki. Benchi lile lile. Nilijificha nyuma ya mama mwenye mtoto wa surua, nikiomba niitwe na daktari mwingine. Nikaitwa na yule yule. Alinyoosha mkono apewe kadi, nami nikaitoa kwenye mkoba, imekunjika na kunusa mafuta ya nywele. Akasoma tarehe yake mwenyewe. Akaniandikia picha nyingine. Ningetamani angenigombeza.

Picha mpya aliibandika kwenye taa. "Kifupa hiki unakiona? Umbo lake ni kama korosho. Na hapa katikati?"

Palikuwa na mstari mweusi, mwembamba, umeigawa korosho vipande viwili.

"Hakijaunga. Kipande hiki cha nyuma hakipati damu vizuri. Kikiachwa hivi, pole pole kifundo chote kitaharibika."

"Nitaweza kusuka, daktari?"

"Swali hilo lina watu wake Mombasa. Nitakuandikia barua."

Barua ilinipa siku mwishoni mwa Februari. Kati ya hapo na Desemba hapakuwa na chochote ila joto la Voi na kungojea. Nilijifunza kwamba kungojea nako ni ugonjwa. Nilikuwa nabonyeza lile shimo nikiamka, nikifika kazini, nikitoka msalani, kuona kama limepungua kuuma. Kila mtu alikuwa na habari ya mtu wake. Mmoja alikuwa na shemeji aliyekandwa kwa mafuta akapona, mwingine alimjua mwanamume wa shamba la mkonge ambaye kifundo chake kiligandishwa na vyuma, hakikukunjika tena. Nilimsikiliza huyo wa pili kwa makini kuliko wote. Usiku niliota nasuka nywele zisizoisha.

Krismasi mama yangu aliteremka kutoka Mbololo. Mama si mtu wa kuzunguka maneno. Tulikuwa mezani, sahani yangu Barasa ameshanikatia nyama kama ya mtoto, na mama akaitazama ile sahani, kisha akamtazama mkwewe.

"Baba Naliaka, wewe ndiye uliyemfunga bandeji?"

"Ni mimi, mama."

"Ukamrudisha golini na mkono umevunjika."

"Tuliambiwa ni mkazo, mama."

"Mliambiwa." Akasukuma sahani yake. "Mimi nilikupa mtoto mwenye mikono miwili."

Barasa aliinamisha kichwa. Kumtetea lilikuwa jambo la sentensi moja. Kadi ilikuwa kwenye mkoba, hatua nne kutoka mezani. Nilisimama, nikasema naenda kutazama chapati, nikaenda jikoni nikasimama mbele ya jiko lililokuwa limezimwa.

Baada ya siku ile Barasa alibadilika. Timu aliikabidhi kwa mtu mwingine, filimbi, koni, mipira yote, akasema kazini kumekuwa na zamu nyingi. Hazikuwa nyingi kuliko zamani. Jioni alifua, alipika, alinifungia vifungo vya blauzi bila kuniangalia usoni. Nywele za Naliaka, ambazo nilizisuka tangu akiwa na mwaka mmoja, nilijaribu nikashindwa, na Mwanaisha alikuwa amezama kwenye wateja wangu na wake. Barasa akampeleka kwa kinyozi. Mtoto alirudi kichwa cheupe, akipapasa shingo yake.

"Mama, mkono wako ukipona, zangu zitakuwa zimerudi?"

"Zitakuwa zimerudi."

"Ni lini?"

Baba yake aliyekuwa mlangoni aliondoka kama aliyeulizwa yeye. Nilijua anajihesabu kuwa ndiye aliyeniharibu. Nilimwacha ajihesabu hivyo. Kila siku niliyokaa kimya, neno lile likawa zito zaidi kulisema.

Februari tulipanda treni kwenda Mombasa. Katika ukumbi wa kungojea pale hospitalini kulikuwa na watu zaidi ya mia, na karibu kila mmoja ameshika kiungo chake kwa mkono mwingine, kama aliyepewa mtoto wa watu amshikie kidogo. Dereva wa pikipiki mwenye bega lililotoka. Mwanafunzi mwenye kidole kilichopigwa na mpira wa vikapu. Tulisogea kwenye mabenchi, kalio moja baada ya jingine. Kila jina lilipoitwa nilijiinua kidogo, na lilipokuwa si langu nikapumua, halafu nikachukia kwamba si langu.

Tulipoingia, daktari wa mifupa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Alikikunja kifundo changu huku na huku. Kisha akachukua kalamu.

"Uliumia Julai. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Hilo ni kawaida kwa mfupa huu. Mliambiwa mrudi lini?"

Barasa akajibu upesi, kama mtu aliyelifikiria jambo hilo miezi yote. "Hawakumwambia arudi, daktari. Walisema ni mkazo. Na mimi ndiye niliyemchezesha. Kosa andika ni langu."

Daktari alikuwa ameanza kuandika. Niliona kalamu yake ikienda.

"Si kweli," nikasema.

Wote wawili wakanitazama.

"Niliambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Nilipewa kadi. Plasta niliikata mwenyewe. Yeye hakujua. Nilimwambia ni mkazo."

Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma juu ya dirisha. Barasa alisimama, akaweka kiti chake vizuri chini ya meza, akatoka nje. Daktari hakuinua macho mara moja. Alifuta mstari mmoja, akaandika mwingine.

"Asante," alisema. "Sasa najua mfupa huu ulikaa bila kushikwa tangu lini. Tutaufanyia upasuaji. Tutachukua kidogo kutoka kwenye mfupa wa nyonga yako, tuujaze pale, tufunge kwa skrubu ndogo. Wengi huunga. Si wote."

Si wote. Maneno hayo mawili nilirudi nayo kwenye treni. Barasa alikaa mbele yangu, uso dirishani. Tulipita Mariakani hajasema neno. Tulipita vichaka vya Mackinnon. Karibu na Maungu ndipo aliponigeukia.

"Miezi saba, Wakesho."

Hakuwa ameniita Wakesho tangu mtoto azaliwe.

"Nisamehe."

"Tangu Desemba nimekaa nikijua nimekuharibu mkono. Mama yako amenitukana mezani kwangu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua," akarudia, akageukia dirisha tena.

Upasuaji ulikuwa Machi. Nilikwenda na Mwanaisha, maana Barasa alisema ana zamu, na safari hii sikuthubutu kumuuliza kama ni kweli. Asubuhi ile, kwenye kitanda cha magurudumu, nikiwa na gauni la hospitali lililofungwa nyuma, nilitetemeka mpaka sista akaniletea shuka la pili. Mwanaisha alinishika mguu, maana ndicho alichoweza kukifikia, akasoma dua kimya kimya, midomo ikicheza. Mimi ni Mkristo, yeye Mwislamu, na sijapata kufurahia dua kama nilivyoifurahia ile. Nilimwambia, "Nikiamka siwezi kusuka tena, kiti changu mpe mtu." Akanijibu, "Kiti chako kimevunjika mguu, nani atakitaka? Nyamaza ulale."

Niliamka mkono ni mzito kama gogo na nyonga inauma kuliko mkono. Nilipogeuza kichwa, aliyeketi kando ya kitanda hakuwa Mwanaisha. Alikuwa Barasa, bado na shati la kazi, ameshika kikombe cha uji.

"Zamu?" nikauliza.

"Fungua mdomo."

Alininywesha kijiko kimoja kimoja mpaka ukaisha. Aliukoroga uji kila mara kabla ya kuuchota, usiwe na mabonge, na mimi niliyatazama mambo hayo madogo kama mtu anayesoma barua.

Wiki ya tatu ya plasta, mvua za masika zikiwa zimegeuza njia yetu kuwa tope jekundu, vidole vyangu vilivimba. Asubuhi vilikuwa vinene, mchana vikawa vinawasha kama vimejaa siafu, na kucha zimebadilika rangi. Nilifikiri ndiyo basi, mkono unaoza humo ndani. Nilinusa plasta kila dakika tano. Nilitembea kwenye tope mpaka kliniki, na kwenye benchi nikaanza kulia mbele za watu, jambo ambalo sikufanya hata nilipoanguka. Sista aliifungua plasta upande mmoja kwa msumeno, akatazama, akabonyeza kucha mpaka rangi ikarudi.

"Mkono wako hauna tatizo. Tatizo ni wewe. Umekuwa ukitembea umeuning'iniza?"

"Kidogo. Nilikuwa nafagia."

"Unafagia." Akacheka. "Mama, huu mkono sasa ni mgeni wa heshima. Mgeni hakai chini. Uweke juu ya mto, juu ya kifua chako, na ufagio uusahau."

Nilitoka mwepesi kama niliyepewa mkono mpya. Hofu ikarudi kabla sijafika nyumbani, lakini ule mwendo wa nusu saa nilikuwa mtu mzima tena.

Mei nilipanda Mbololo. Mama alikuwa uani akipukuchua mahindi. Niliketi kwenye kigoda, plasta mapajani, nikamwambia yote, kadi, mkasi, uongo, na ile chapati ya Krismasi. Mikono yake haikuacha kupukuchua. Nilipomaliza, alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akachukua lingine.

"Kwa hiyo nilimtukana mtoto wa watu bure."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulinisikia."

"Nilikusikia."

Alipukuchua gunzi lile mpaka punje ya mwisho. Nilipokuwa naondoka alinipa mkungu mdogo wa ndizi za kuiva na kibuyu cha maziwa mala, vyote vikabebwa na jirani mpaka barabarani kwa sababu mimi sikuweza. "Hivi ni vya baba Naliaka," alisema. "Si vyako. Usionje." Na baadaye wiki hiyo alimpigia simu. Barasa alitoka nje kuipokea, akakaa huko muda mrefu. Sikumuuliza waliyoongea, naye hakuniambia.

Juni plasta ilitolewa. Hakuna aliyenionya kuhusu hilo, kwa hiyo mimi nakuonya wewe. Mkono utakaotoka humo si wako. Wangu ulikuwa mwembamba kama wa Naliaka, ngozi inabanduka kama ya mjusi, vinyweleo vyeusi vimeota juu yake, na unanuka. Kifundo kilikataa kwenda popote. Nilidhani plasta ikitoka nitakuwa nimemaliza, kumbe ndiyo nilikuwa nimeanza.

Mtu wa fizio, wa kunyoosha viungo kwa mazoezi, alikuwa mzee mwenye subira ya kuudhi. Alikuwa na karai la maharagwe makavu, na ndani yake amezika vifungo. Kazi yangu ilikuwa kuingiza mkono na kutoa vifungo kumi kwa kuvishika, bila kuangalia. Siku ya kwanza nilitoa kimoja katika robo saa, jasho likanitoka kama niliyecheza dakika tisini. Kulikuwa na sponji ya kukamua, vibanio vya nguo vya kubana kwenye kamba, meza ya kuegemea kiganja taratibu mpaka machozi. Mara tatu kwa wiki, Juni yote, Julai yote. Na kila kifundo kilipolia kidogo nilisimama, nikifikiri skrubu imeachia. "Hiyo ni mishipa inaamka," mzee aliniambia. "Ungesikia maumivu ya kuvunjika ungeyajua. Si uliwahi kuyasikia?" Nikauingiza mkono tena kwenye maharagwe.

Agosti tulirudi Mombasa kwa picha ya mwisho, mimi na Barasa. Nilikuwa nimekaa siku nne bila kula vizuri. Benchi, majina, kalio moja baada ya jingine. Daktari alivaa miwani yake, akaisogeza picha kwenye mwanga, akaigeuza, akaisogeza tena. Nilitazama uso wake tu.

"Umeshika," alisema.

"Unasema?"

"Mfupa umeunga. Ona, mstari hakuna." Akanishika kifundo, akakikunja nyuma, kikagoma katikati ya njia. "Hapa hakitarudi chote. Kazi zako za mikono utafanya, kwa kupumzika. Golini usirudi."

"Hata mazoezi?"

"Kuna mtu mwingine wa kukaa golini. Mkono mwingine huna."

Nilifikiri ningefurahi tu. Nilifurahi, na palepale nililia kwa ajili ya goli, kwa ajili ya nyasi za Wundanyi na mayowe yale. Yote mawili yalikuja pamoja. Barasa alisimama kando yangu akiitazama picha, kichwa kimeinama kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kwenye ukumbi wa nje alichukua mkoba wangu.

"Mama Naliaka, twende tukale. Hujala tangu Jumatatu."

Sisemi kwamba mambo yote yalirudi siku ile. Kuna siku bado hunitazama akaniuliza jambo dogo, kama nimelipia maji au mtoto amekunywa dawa, na nikijibu ndiyo, naona anasubiri kidogo kabla ya kuamini. Hilo nalo ni sehemu ya kupona kwangu, na halina fizio.

Kwa hiyo wewe uliyeanguka juu ya mkono wako, uwanjani au njiani, na picha ikasema hakuna kitu, na ukapewa tarehe ya kurudi, rudi. Beba maneno yote uliyoambiwa, si nusu. Mwambie mtu wa nyumbani kwako yote, siku hiyo hiyo, kabla neno halijawa zito. Ukikaa kwenye benchi ukiogopa, jua kwamba aliye kando yako naye anaogopa, muulize ameumia wapi, muda utasogea. Na usione haya kulishwa uji.

Septemba, Jumamosi moja, mama alikuja saluni bila kutuambia. Aliketi kwenye kiti changu, kile chenye mguu uliofungwa kwa waya, akavua kitambaa. Nywele zake ni nyeupe sasa, laini, chache.

"Nisuke."

"Mama, sijasuka kichwa kizima tangu mwaka jana."

"Kwani nimekuomba kichwa kizima?"

Mwanaisha alijifanya anatafuta kitana. Niligawa mstari wa kwanza. Ulikuwa umenyooka. Nikabana kwa kidole gumba, nikapitisha, nikabana. Wa pili, wa tatu. Nilipumzika, nikautikisa mkono, nikaendelea. Mama hakujitikisa, hakuniuliza kama inauma. Wa sita ulipoisha kifundo kilikuwa moto, vidole vinatetemeka, na upande wa kushoto wa kichwa chake umesukwa mpaka shingoni, wa kulia umesimama wima.

"Nimefika hapo tu, mama. Mwanaisha atakumalizia."

"Mwanaisha ana wateja wake." Akajitazama kwenye kioo, kulia, kushoto, akafunga kitambaa chake vizuri. Kesho yake alikwenda kanisani Mbololo hivyo hivyo, nusu kichwa, na niliambiwa aliimba kama kawaida.

Jumatatu tulipofika kufungua saluni, tulimkuta mama ameketi kwenye ngazi, kitambaa amekishika mkononi, anangoja nusu yake iliyobaki.